Nyama ya Babu Isiyo na Chumvi

Juzi gari lilisimama Ilula, nikanunua nyanya na vitunguu kama msafiri yeyote. Mama aliyekuwa akiuza akaniongezea kitunguu saumu kimoja kwenye mfuko, akaniambia nikinuse nione kilivyo kibichi. Nikanusa. Jamani, nililia palepale barabarani, mtu mzima na heshima zangu.

Harufu ile ni ya jikoni kwa bibi yangu, Usangu, miaka ya sabini. Babu na bibi walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakaweka zizi karibu na Ubaruku, nami nikalelewa kwao. Babu alikuwa mtu wa nyama. Mboga za majani aliziita chakula cha ndama. Basi miguu yake ilipoanza kuvimba, na daktari wa hospitali ya misheni akasema moyo umechoka, asiguse chumvi kabisa, tuliona wazi kwamba njaa itamuua kabla ya ugonjwa.

Bibi hakukubali. Alichukua kopo la chumvi akampa jirani, akatangaza kwamba nyumba nzima tutakula kama babu, ili asijione ameadhibiwa peke yake. Siku za kwanza, nisikufiche, ilikuwa kama kutafuna kitambaa. Babu alitema kipande, akasukuma bakuli, akageukia ukutani.

Ndipo bibi alipoanza kuhangaika. Nyama aliibanika kwanza, mpaka mafuta yadondoke motoni na moshi uishike. Vitunguu saumu na tangawizi nilitwanga mimi kwenye kinu kidogo, macho yakiniwasha. Akakamua limau, akaipaka nyama, akaiacha kwenye chungu tangu asubuhi hadi alasiri. Nyanya alizikaanga kwa samli zikabaki nzito, pilipili moja ikatupwa humo nzima. Chungu kikifunuliwa, hata yule jirani aliyepewa chumvi yetu alipata sababu ya kupita. Babu akaanza kula. Akawa analamba vidole na kumtania bibi kwamba angejua hivi, angeugua tangu ujanani. Tukarudi kucheka mle ndani.

Lakini miguu haikupungua. Uvimbe ukapanda hadi magotini, babu akawa analala ameketi. Tukamrudisha misheni kwa lori la mpunga. Muuguzi akamuuliza bibi kama bado anampa chumvi. Bibi, masikini, akajieleza kwa fahari yake yote: limau, tangawizi, saumu, moshi, na magadi kidogo ya kulainisha, maana mzee meno hana na nyama ya ng'ombe mzee haiivi hivihivi. Kwetu magadi yalikuwa ya kulainishia maharage na nyama ngumu, basi. Nani angeyahesabu kuwa chumvi?

Muuguzi akasema taratibu, "Mama, kwa ugonjwa huu magadi na chumvi ni kitu kimoja."

Namwona bibi hadi leo, mikono imeanguka mapajani. Aliyesema ni babu, pumzi zikimkatika: "Mwacheni mke wangu. Nimekula vizuri."

Alifariki kabla ya mvua. Msibani majirani walipika, watu wakala, bibi hakuonja. Toka siku hiyo hakuunga nyama tena maishani mwake. Alichemsha kwa maji matupu, akala hivyohivyo.

Sasa naye hayupo. Palipokuwa na zizi ni majaruba ya mpunga, na jikoni kwake sikukuta hata jiwe la kuinjikia. Ile nyama nimejaribu kuipika mara nyingi, imekataa. Kuna kitu alikuwa anafanya na limau ambacho sikukiona, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza, maana iliuma hata kulitaja jambo lenyewe. Shangazi alijaribu mara moja tu kumwambia kwamba si yeye, kwamba moyo wa baba ulikuwa umechoka tangu zamani. Bibi aliendelea kuchochea moto, hata kichwa hakuinua.

"Aliyekuwa anapika ni mimi," akasema.