Alitaka Kuona Fainali Ikiisha

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja bila chupa za dawa mezani, tuligombana kuhusu kofia. Mke wangu alikuwa ametoka zamu ya alfajiri kwenye tanuri la mikate, unga bado umemkaa kwenye nyusi. Nilimwambia jua litakuwa kali uwanjani kwenye mashindano, avae kofia. Akasema kofia inamziba asione pembeni, na kwenye kriketi mambo mabaya hutokea pembeni. Akamimina chai. Mimi alinipa kikombe chenye kishikio, yeye akachukua kile kilichokatika kishikio. Tukanywa kila mtu na kisirani chake. Ndiyo yote. Kesho yake alianguka kazini, na asubuhi za kawaida zikaisha.

Watu walimwita Mama Tanuri. Alikuwa akitoa mikate motoni tangu watoto wetu hawajazaliwa. Mimi nilikuwa mkata nyasi wa uwanja wa klabu, mpaka magoti yalipogoma. Kriketi hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuniletea chakula, akawa anakaa kidogo kungoja bakuli, halafu bakuli likawa kisingizio. Kanuni hakuzishika mpaka mwisho. Mwamuzi akiinua kidole kumtoa mpigaji, yeye aliniuliza, kwani kafanya nini? Nilimweleza mara nyingi kwamba mguu wake umezuia mpira usigonge vile vijiti anavyovilinda. Aliitikia vizuri sana, akasahau.

Alichopenda ni mashindano ya siku moja. Klabu huyafanya kila mwaka kwa timu za makazini. Kila timu inapiga ova chache, na ova ni mipira sita tu. Ukishindwa, unafunga mkoba. Mke wangu alifurahia sana wanaofunga mkoba mapema. Mtu anafika asubuhi kwa madaha, miwani ya jua juu ya kichwa, mkewe kambebea vifaa; kabla jua halijapanda yuko barabarani anangoja usafiri, vifaa kabeba mwenyewe na mke yuko mbele haongei. Zile mechi za siku nyingi hakuzitaka. Alisema zinampa mtu nafasi ya kusahau aibu yake.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona fainali ikiisha.

Lawama ni ya Kamati. Kamati ya klabu ina watu wengi kuliko timu, na wote huzungumza. Kuna hotuba ya kufungua, hotuba ya kumshukuru aliyefungua, na neno fupi la Mwenyekiti, ambalo watu wa tanuri walisema unaweza kuoka mkate ukaiva na kupoa kabla halijaisha. Kwa hiyo mechi huanza zimechelewa. Lakini saa kumi na moja jioni haichelewi. Hiyo ndiyo saa ya Mgeni Rasmi kukabidhi kombe, na Mgeni Rasmi ana shughuli nyingine. Ikifika, Mwenyekiti anaingia katikati ya uwanja na kipaza sauti, wachezaji wanaambiwa watulie, na mshindi anatangazwa. Mwaka mmoja walishinda waliokuwa na fulana safi, kwa ajili ya picha. Mwaka mwingine kombe walipewa manahodha wawili, kila mmoja akashika sikio moja, wakaambiwa wakaelewane nyumbani.

Tukirudi nyumbani, mke wangu alikuwa anauliza njia nzima yule kijana wa mwisho angepiga vipi. Aliuliza mwaka mzima. Mimi ningejuaje?

Mwaka huu timu ya tanuri iliingia fainali. Walicheza na timu ya Kamati yenyewe, ambayo huingia fainali kila mara kwa kuwa yenyewe ndiyo inayopanga nani acheze na nani. Mke wangu alikuwa kwenye hema kubwa, maana mikate ya chai ya wageni hutoka kwao na yeye ndiye huileta. Mimi nilisimama nje ya kamba ya hema. Huko ndani sina mwaliko.

Mgeni Rasmi alikuwa mtu mkubwa, mwenye kichwa kikubwa, amelala. Kiti chake kilikuwa na kitambaa cheupe na utepe, na kilikuwa mbele kabisa. Mke wangu akatua sinia, akasimama nyuma yake, akanyoosha shingo kulia, akanyoosha kushoto. Halafu akamgusa bega.

"Baba, samahani, inamisha kichwa kidogo. Unanizibia."

Mwenyekiti alifumba macho. Msaidizi wa Mgeni aliangalia viatu vyake. Mgeni akaamka, akageuka, akamwona mama mzima mwenye unga kwenye nyusi, akasogeza kiti pembeni. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, hiki kitu huwa kinaangaliwaje. Alisema amekuwa mgeni rasmi wa mambo mengi na hili ndilo haelewi kabisa.

Niliogopa. Nilijua hajui kanuni. Nikadhani sasa tutaaibika.

Hakumweleza kanuni hata moja. Alimwambia mpira auache, mpira ni mdogo na una haraka. Achague mtu mmoja tu uwanjani, amuonee wasiwasi. Basi.

Mgeni aliangalia kwa muda. Akanyoosha kidole kwa mtu mnene aliyesimama peke yake kule mbali kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Huyo alikuwa Mweka Hazina wa Kamati. Aliwekwa pale kwa sababu mpira huwa haufiki pale.

"Umechagua vizuri," mke wangu akasema. "Huyo anaomba dua tangu asubuhi mpira usimfikie."

Kuanzia hapo Mgeni hakulala. Kila mrushaji alipokimbia, yeye alimtazama mnene. Mnene akivuta suruali, Mgeni anashika magoti. Mpira ukienda upande mwingine, Mgeni anashusha pumzi na mnene naye anashusha. Mke wangu alikuwa anamsimulia pembeni: yule wa tanuri anayepiga ni mkandaji wetu wa unga, ana mikono kama mapaja, ila ana haraka, hata unga hausubiri uumuke. Ikafika ova ya mwisho. Tanuri walihitaji mbio tisa, yaani alama tisa, washinde. Mkandaji akapiga mpira ukavuka kamba, mbio nne. Akakosa mitatu. Akapiga mwingine, wakakimbia mara mbili.

Saa kumi na moja ikafika. Msaidizi akainama kwenye sikio la Mgeni, akamwonyesha saa. Mwenyekiti akainuka na kipaza sauti, akasimama mbele ya kiti, akaanza na wageni waalikwa kwa vyeo vyao.

"Kaa chini, Mwenyekiti," Mgeni akasema. "Wewe nawe unaniziba."

Mwenyekiti akakaa. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, tukamsikia anavyohema.

Mpira wa mwisho, zinahitajika mbio tatu. Mrushaji akaja. Mkandaji akaupiga juu, juu kweli, mpaka watu wa hema wakatoka nje kuutafuta. Nilikata nyasi pale miaka mingi, najua mpira ukipigwa hivyo unaangukia wapi. Ulikuwa unakwenda kwa Mweka Hazina.

Akakimbia mbele. Akaona amekosea, akarudi nyuma. Mwisho akasimama, akafumba macho, akafungua mikono kama anayepokea mtoto kutoka dirishani. Mpira ukampiga tumboni. Akaukumbatia. Akakaa chini nao, taratibu, hakufumbua macho mpaka wenzake walipomwangukia.

Mpira ulidakwa kabla haujagusa chini, kwa hiyo Mkandaji akawa ametoka, na tanuri wakawa wameshindwa. Upande wetu, wa kwanza kupiga makofi alikuwa mke wangu, huku anabubujikwa machozi. Mgeni alikuwa amesimama juu ya kiti chenye utepe. Akashuka, akavuka kamba, akakimbia na suti yake mpaka kule pembeni, akamwinua Mweka Hazina, wakashikana kama ndugu waliopoteana. Msaidizi akamfuata, akamwingiza kwenye gari. Wakaondoka.

Kombe likabaki mezani. Kwa kanuni za Kamati, kombe hukabidhiwa na Mgeni Rasmi, na Mgeni Rasmi hakuwepo. Mwenyekiti alisoma hotuba yake hivyo hivyo. Ilikuwa imeandikwa zamani, kwa hiyo ilimshukuru Mgeni kwa kukabidhi kombe na kumpongeza mshindi, na mahali pa jina la mshindi pakawa na nafasi tupu ambayo aliisoma kwa kukohoa. Kisha Kamati ikakutana kwa dharura. Waliamua kombe lifungiwe kabatini mpaka apatikane Mgeni mwingine. Limo humo hadi leo. Kamati imeshinda na haiwezi kujipa.

Kwenye mazishi ya mke wangu, Mwenyekiti alikuja na karatasi. Alimwita mke wangu mdau mkongwe wa michezo. Mweka Hazina alibeba jeneza upande wa mbele, na alibeba mpaka mwisho, kubadilishana alikataa. Mkandaji alikuwa nyuma yake.

Watu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani. Maneno sina mengi. Nawaambia tulivyorudi jioni ile ya fainali. Nilikuwa na hasira. Nilimuuliza njiani anawezaje kumpigia makofi aliyetushinda. Alikuwa anatembea mbele kama msichana, mimi na magoti yangu nyuma. Tukafika kwa jirani yetu fundi viatu, ambaye hakutoka kibandani mwake siku nzima. Akamwita mke wangu, akamuuliza haya, shemeji, kombe limekwenda wapi mwaka huu? Nikataka kujibu mimi. Mke wangu akanishika mkono, akamwambia:

"Kombe sijui wamelipeleka wapi, shemeji. Ila mechi imeisha. Nimekaa pale pale mpaka ikaisha."