Yusra Akalia Kiti cha Mzigua

Yusra alipoingia ghalani kwa Rhoda mara ya kwanza, alikuja kuomba bei za mahindi bure. Rhoda, dalali wa nafaka hapo Manundu, Korogwe, mtoto wa wakata mkonge aliyejitafutia mwenyewe kila alicho nacho, hakuwa mtu wa kutoa kitu bure. Alimtazama binti na begi lake la kompyuta, akamwonesha gunia la kukalia.

"Shikamoo mama. Natoka kampuni ya nafaka, kitengo cha takwimu."

"Marahaba. Kwa Godfrey?"

"Ndiye bosi wangu."

Hapo Rhoda akavuta gunia lake karibu. Msimu uliopita Godfrey alimwagiza kwa mdomo apeleke lori zima la mahindi Handeni, na lori lilipofika getini kwa kampuni akasema hamjui mwanamke huyo. Mvua ikayanyeshea mahindi, yakaota ukungu, yakaishia kwa wafuga nguruwe. Tangu siku hiyo alikuwa akimtafutia pa kumshika.

"Bei nitakupa. Na wewe niambie, ninunue leo au nisubiri?"

Yusra akafungua kompyuta. Akaeleza grafu ya kwanza, ya pili, akaingia kwenye mvua za vuli. Rhoda akapiga mwayo bila kuficha.

"Mwanangu, nimekuuliza ninunue au nisubiri. Wewe unanisomesha."

"Nunua," Yusra akasema kwa kusitasita.

"Na nikila hasara?"

"Utanilaumu mimi."

"Sasa umesema neno. Bosi ni yule anayekubali kulaumiwa. Ninyi wengine mnabebeshwa zana tu."

Neno hilo lilimchoma Yusra. Godfrey alikuwa akikaimu ukuu wa mipango, na mkurugenzi, mzee Yordani, angekuja Korogwe kwenye mkutano wa kufungua msimu, aamue nani apewe kiti hicho moja kwa moja. Kila wazo Godfrey alilowapelekea wakubwa lilitoka kwa Yusra. Alipoomba alieleze mwenyewe, aliambiwa, "Wewe mtu wa kompyuta. Maamuzi tuachie wenyewe."

"Unakitaka hicho kiti?" Rhoda aliuliza.

"Nakitaka. Na nataka akikose mbele ya macho yangu."

"Hayo ndiyo mazungumzo."

Wakaanza somo. Akitoka kazini, Yusra alisimama ghalani mbele ya wanunuzi wakali, akasema chukua au acha, kisha akabaki pale kutukanwa akikosea. Akisema "inategemea," Rhoda alimkatiza, "Inategemea nini? Gari linaondoka!"

Siku moja katikati ya somo Rhoda akamuuliza asili yake.

"Babu alitoka Tabora. Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge."

Rhoda akacheka mpaka akashika nguzo. "Na Godfrey Mzigua wa Handeni! Una mtani, mtu asiyeruhusiwa kukukasirikia, halafu unakuja kunililia mimi? Siku ya mkutano, kompyuta iache nyumbani. Ukiibeba, utaambiwa uoneshe picha, na atakayesema ni yeye."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mawakala, wakulima na madalali. Rhoda alikaa nyuma. Godfrey alitoka kumpokea mzee Yordani, na aliporudi naye akamkuta Yusra amekalia kiti chake meza kuu.

"Inuka bwana, hapo pa wakubwa."

"Mzigua, babu zako walitukaribisha wenyewe wakasema kaeni. Nimekaa, unanifukuza?"

Ukumbi ukalipuka. Wazigua wenyewe ndio waliopiga kelele: "Kikomboe kiti! Mpe chochote mtani ainuke!" Mzigua akimkasirikia mtani hadharani, atachekwa mpaka aone aibu kwenda msibani. Godfrey alilijua hilo, akajichekesha.

"Haya Mnyamwezi, kaa. Tuongozee mkutano tukuone!"

Yusra hakucheka. "Mwaka huu hatusubiri bei ishuke. Tunaanza Handeni wiki hii, kabla wanunuzi wageni hawajamaliza mzigo. Bungu, kule milimani, tutapandisha malori barabara ikikauka. Nikikosea, niulizwe mimi."

Mzee Yordani akamgeukia Godfrey. "Na wewe unasemaje?"

"Ni wazo tulilokuwa tunalijadili, mzee. Inategemea. Yusra, hebu fungua ile grafu waione."

"Leo sina grafu, mtani. Sema tu."

Godfrey akafungua mdomo, akaufunga. Mkulima mmoja akataka kumsaidia, Rhoda akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwacheni, anatafuna!" Kicheko kilichofuata Rhoda alikifaidi kama mchuzi wa mwisho kwenye sahani.

Yusra akapewa kiti. Godfrey akapelekwa kusimamia mizani kituo cha Kwashemshi. Kabla hajaondoka alikuja kumwomba Rhoda amwombee kwa bosi mpya. Rhoda alimwacha aeleze shida yote mpaka mwisho, ndipo akamwambia hataki.

Ila Yusra naye alikuwa amefuzu. Jambo lake la kwanza lilikuwa kununua Handeni moja kwa moja kwa wakulima, bila madalali.

"Na mimi mwalimu wako?" Rhoda alimfuata ofisini.

"Handeni hapana, mama. Chukua milimani."

Walivutana mpaka chai ikapoa, Yusra hakulegea. Rhoda alipoteza Handeni yote, soko lililomlisha. Akabaki na mahindi ya Bungu, ambayo huyafikisha kituo cha Kwashemshi, na Godfrey ndiye anayeyapima. Kila gunia Rhoda humwambia arudie kulipima, hata pale mizani inapokuwa sawa.