Mwalimu wa Kwaya na Kanda ya Roki

Juzi pale Kanduyi, kwenye kibanda cha kurekodi kaseti tulikokuwa tumeketi, mwalimu mmoja wa kwaya alibishana na mwenye kibanda kuhusu kanda ya roki iliyokuwa ikilia.

“Hizi ni kelele,” alisema mwalimu, akiizima redio kwa kidole kimoja. “Ati gitaa hata nyuzi hazijalinganishwa! Muziki ni ufundi.”

“Si muziki ni nguvu, bana?” akasema mwenye kibanda.

Mara kengele zikasikika barabarani. Kijana anayekwenda kutahiriwa alikuwa akipita na waimbaji wake, sauti zimewakauka, kila mmoja akiimba kwa ufunguo wake. Mwalimu akatoka mbio, akajitosa katikati yao, akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Alirudi akihema, shati limelowa.

“Kama nilivyosema,” akatuambia, “ufundi kwanza.”

Miguu yake ilikuwa ingali inacheza.