Ulimi wa Chumba cha Rangi

Tarehe 3 Machi, fundi mchanganyaji wa kiwanda cha unga wa juisi aliingia kazini saa moja kamili asubuhi, akaomba ruhusa saa tano, na ilipofika saa saba mchana alikuwa ameketi na mkewe mbele ya daktari.

Kiwandani walimwita Ulimi. Kila pipa la rangi na vitamu bandia lilipokuwa tayari, alichovya kidole katika unga mkavu, akalamba, akatoa hukumu: "Rangi imezidi," au, "Utamu umelala." Mashine ya kupimia ilikuwepo, imefunikwa nailoni. Msimamizi alipenda kusema kwamba ulimi ule hauli umeme.

Ndoa yake ilikuwa na miaka sita bila mtoto. Mama yake alikwisha kumtafutia mke wa pili, na alilizungumza jambo hilo mbele ya mkwewe huku akimwomba amwongezee chai. Mkwe alimwongezea. Alikuwa amepimwa mara mbili na kuonekana mzima. Mumewe alikuwa hajapimwa hata mara moja, mpaka wiki iliyotangulia.

Daktari alieleza kwamba mbegu zake za kiume ni chache na mwendo wa mbegu hizo ni hafifu.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Sinywi, daktari. Naonja tu, kazini."

Mkewe aligeuka. "We! Pombe kazini? Tangu lini?"

"Unga, mke wangu, unga! Unga wa juisi."

"Hebu toa ulimi," daktari alisema.

Ulikuwa wa manjano mpaka kooni.

"Mimi nilijua kaumbwa hivyo," mke alisema.

Daktari hakucheka. Alisema kwamba katika baadhi ya majaribio, panya waliolishwa rangi fulani kwa wingi walipungukiwa na mbegu. Kwa binadamu ushahidi bado haujakamilika, ila kunywa juisi ni jambo moja na kulamba rangi kavu siku nzima ni jambo jingine. Kuapa kwamba chanzo ni hicho hakuweza. Alimtaka aache kwa miezi mitatu, kisha apimwe tena.

"Nikiacha kulamba, pale nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu mwenye mashine," mkewe alimjibu.

Jioni walimkuta mama sebuleni, amejifunga khanga ya kutokea.

"Mwanangu, wazazi wa yule binti wanataka jibu. Niwaambie nini?"

Ulimi alivua viatu, akavipanga ukutani, akavipanga upya. Mkewe alikuwa ameshika njia ya jikoni; Ulimi akamwita aketi.

"Waambie hapana, mama. Tatizo liko kwangu. Nimepimwa, na daktari anashuku ule unga ninaolamba kiwandani."

"Nani kakudanganya? Kwetu hakuna mwanamume wa hivyo."

"Sasa yupo. Hata ukiniletea wanne, watakaa hivi hivi."

Mama alimtazama mkwewe, kisha sakafu. Akauliza, "Na hicho kiwanda chenu, hata kijiko cha kupimia hawana?"

Kesho yake Ulimi aliivua mashine nailoni. Wenzake walimtania kwamba amestaafu akiwa kijana; hakuwaeleza sababu.

Mwaka mmoja baadaye kipimo cha tatu kilionyesha mbegu zimeongezeka, ingawa hazijafikia kiwango cha kawaida, na mimba ilikuwa haijapatikana. Binti aliyekusudiwa kuwa mke wa pili aliolewa mtaa wa jirani. Mama alihudhuria harusi hiyo akiwa ameongozana na mkwewe.