Nahodha Niliyemtungia Utoto

Kiingereza changu ni cha jikoni. Najua kumuuliza mgeni kama anakula nyama, kama yai lake ligeuzwe au lisigeuzwe, na kumtakia siku njema. Kwa mtaji huo nilijifanya mkalimani wa tamthilia nzima ya vyombo vya angani, sizoni tatu, mbele ya wafanyakazi wenzangu wa lodji hapa Karatu. Kwa miaka miwili hakuna aliyenishtukia.

Tulikuwa tunaangalia mchana kwenye chumba cha londri, wageni wakiwa wameshuka kreta kutazama wanyama, na maboksi ya chakula niliyowafungia alfajiri. Laptopu iliwekwa juu ya meza ya pasi, nami nilisimama pembeni nikitafsiri kwa sauti, kama wanavyofanya kwenye mabanda ya video. Nilipoelewa, nilitafsiri. Nisipoelewa, na mara nyingi sikuelewa, nilitunga.

Siku moja nahodha wa chombo, mwanamke mkavu asiyecheka, alikaa dirishani akaongea peke yake dakika nzima. Niliambulia neno moja tu, la kaka au mdogo wa kiume. Macho yote yalikuwa kwangu. Nikasema anakumbuka sayari yao ilipoungua, yeye akiwa kifungua mimba, akambeba mdogo wake mgongoni siku tatu mpaka wakaokolewa. Dada wa londri, aliyekuwa ananyoosha mashuka, aliweka pasi pembeni akafuta machozi kwa foronya ya mgeni. Nilijiona mtu mkubwa sana. Tangu hapo kila sizoni nilitia chumvi zaidi: maji aliyomnywesha, wimbo aliomwimbia. Dada yule alipojifungua binti, akasema atambatiza kwa jina la nahodha. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, utadhani nimezaa mimi.

Kisha ikatangazwa tamthilia mpya, ya ujana wa nahodha, kabla ya yote tuliyoyaona. Nikatangaza wakati wa chakula kwamba watengenezaji wana wajibu kwetu sisi mashabiki, na kwamba lazima tuzione zile siku tatu. Dereva wa wageni, mtu wa Engaresero, akanicheka.

"Mpishi, mgeni akiniambia anataka faru, namwambia tushuke tukaone kreta imeamkaje. Mimi sipangi wanyama."

Nilimwambia ndiyo maana wageni wake wanarudi wamenuna. Sikuishia hapo. Niliingia kwenye ukurasa wa watengenezaji nikaandika, kwa kile Kiingereza changu cha mayai, kwamba wasithubutu kuziondoa siku tatu. Nadhani mpaka leo wanajiuliza siku tatu zipi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilizitunga mwenyewe.

Tuliianza Alhamisi, ubatizo ukiwa Jumapili. Dada alikaa mbele, mtoto mgongoni. Sayari ikaungua vizuri tu, nikampigia dereva jicho. Halafu yule nahodha, bado msichana, akamshika mdogo wake mkono hadi kwenye geti la kambi ya wakimbizi, akainama akamwambia kitu, akamkabidhi kwa mama mmoja na kupanda chombo peke yake. Mtoto alikimbilia uzio akilia. Nahodha hakugeuka.

"Anamwacha kidogo tu kwa shangazi," nilisema haraka. "Anaenda kutafuta maji."

Chombo kikapaa.

"Maji yako mbali," nikaongeza.

Dereva alikohoa. Tulipofika katikati ya sehemu ya pili ilikuwa imepita miaka sita, na mimi bado nilikuwa nasema kuna foleni kisimani.

"Kaka, simamisha," dada alisema. "Hakumbeba."

"Dada, hawa watu wameharibu. Mwanzo walituambia..."

"Walituambia wao, au ulituambia wewe?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema ukweli wote, nikiangalia pasi. Nikamwambia bado kuna muda, aongee na mchungaji, mtoto apewe jina jingine.

"Jingine la nini?" aliuliza.

Ndipo akatueleza. Mama yake alipofariki aliachiwa wadogo watatu. Wawili alikuja nao Karatu kutafuta kazi. Wa mwisho, wa miaka minne, alimwacha Mbulu kwa mama mdogo, akamdanganya kwamba anaenda dukani. Hajawahi kurudi kwa sababu ya aibu.

"Nilimpa mwanangu jina la mtu aliyeweza," alisema. "Kumbe na yeye hakuweza. Na bado akawa nahodha."

Muda wote ule nilidhani alilia kwenye foronya kwa utamu wa hadithi yangu, kumbe alimlilia yule aliyemwacha Mbulu. Niliumia kweli.

"Rudisha pale getini," alisema. "Anamwambia nini yule mtoto?"

Nilirudisha mara mbili, sikio limegusa spika.

"Sijui, dada."

"Basi nyamaza tuangalie."

Tuliangalia mpaka mwisho bila mkalimani.

Kesho yake aliomba ruhusa ya siku moja aende Mbulu. Alfajiri ya Jumamosi alipita jikoni, nami nilikuwa nimeshamfungia boksi kama la wageni: kuku, yai, ndizi, juisi.

"Funga na la mdogo wangu," alisema. "Ni kijana mkubwa sasa."

Nikachukua boksi la pili na kumuuliza mdogo wake anapenda kula nini. Alisimama mlangoni, akamweka mtoto wake sawa mgongoni, kisha akasema hajui.