Lori langu limechoka, nitengeneze au ninunue lingine? Wivu uliniamulia, na mama wa watu akavunjika mguu

Wakuu, salamu kwenu nyote, walioko barabarani na walioko nyumbani.

Hii sikuisikia kwa mtu. Mimi ndiye niliyeifanya, na sehemu zingine zinaniaibisha mpaka leo. Kiswahili changu ni cha Kivu, mashariki mwa Kongo, mtanivumilia.

Niko Masisi, kijiji cha Kingi. Kazi yangu ni lori, sisi huku tunaita kamiyo. Napakia maharage na mihogo kwenye milima yetu, nashuka Kashebere, naingia msitu mpaka Walikale. Kurudi napakia mafuta ya mawese.

Lori lenyewe nililinunua likiwa tayari limezeeka. Kompteri ya kilomita ilishazunguka yote, ikarudi sifuri, ikaanza tena kama gari jipya. Mlango wa kushoto nafunga na kamba. Ukitaka kuwasha asubuhi ya baridi, unaliegesha kwenye mteremko tangu jana yake.

Lakini lile lori limesomesha watoto wangu wanne. Na kwa miaka mingi, kutoka Kingi kwenda Walikale, kama unataka mzigo ufike unamtafuta Papa Neema. Ndiye mimi.

Halafu akaja Faustin na lori lake.

Faustin si mgeni. Tulikaa benchi moja shule ya msingi. Tulianza wote kubeba magunia mgongoni, tukajifunza kuendesha kwa bwana mmoja. Mimi nikapata lori mapema, yeye akaenda Goma akapotea miaka kadhaa.

Siku aliyorudi nilikuwa chini ya lori langu, nimelala kwenye matope, nafunga boli. Nikasikia honi ambayo siijui. Nikatoa kichwa.

Lori jeupe. Si jipya la kiwandani, ila kwetu ni jipya. Kabini ndefu, kitanda nyuma ya dereva, vioo vyote vizima. Watoto wanalikimbilia, wamama wanapiga vigelegele. Faustin akashuka na shati safi, akaniona pale chini, akasema, "Kaka! Ungali nayo tu?"

Alisema kwa furaha, nadhani. Mimi nilisikia matusi.

Wakuu, wivu ni ugonjwa. Nilianza kumhesabia safari. Akipita nashika injini kama nina kazi, kumbe nasikiliza lake linavyopanda mlima bila kukohoa. Nilianza kuwaambia watu kwamba malori ya siku hizi ni ya kompyuta, yakikwama msituni hakuna wa kuyafufua. Sikuwa na uhakika. Nilitaka iwe hivyo.

Wateja wakaanza kupungua. Mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. "Papa Neema, mara hii nimeshapatana na Faustin, utanihurumia." Aliyebaki nami bila kuyumba ni Mama Solange, mfanyabiashara wa maharage, mtu mzima, mjane. Alianza kupanda kwangu tangu safari zangu za kwanza.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Nilipeleka lori kwa fundi, Papa Kasereka, pale Masisi centre, kwa sababu lilikuwa linavuta upande. Akaingia chini. Akakaa muda mrefu, akaniita niingie na mimi. Akapangusa matope kwa kidole, akanionyesha mstari mwembamba kwenye shasi, karibu na springi ya nyuma.

"Papa Neema, hii shasi imepasuka. Injini iko bado na nguvu, lakini injini haibebake mzigo. Shasi njo inabeba." (Njo kwetu ni ndiyo.)

Nikamuuliza tufanye nini.

"Njia iko mbili. Unaniachia lori, ninaifungua yote, ninaweka vyuma na kusudira kwa moto. Itafanya kazi ya karibu, mzigo kidogo. Walikale hapana tena. Ao unatafuta ingine. Lakini ukipakia vile unapakiaka, itakatika."

"Inachukua muda gani?"

"Mwezi, pengine zaidi. Vyuma nitaagiza."

Mwezi! Mwezi mzima Faustin anapanda na kushuka peke yake, na mimi naitwa mwenye gari la karibu. Nikamwambia nitarudi. Nikatoka pale, na matope yaliyofunika ule ufa nikayaacha yarudi yenyewe.

Wiki tatu nilipakia nusu mzigo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naendesha nimekaza meno.

Siku moja ya soko tunapakia Masisi, mimi upande huu, Faustin upande ule. Jicho langu likapita kwenye magunia yake. Nikaona manne yameshonwa kwa uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi mara mbili.

Ule mshono naujua. Ni wa mke wangu. Hakuna mwingine Kingi anayeshona vile.

Sijui niwaelezeje. Damu ilipanda mpaka masikioni. Maharage ya mke wangu kwenye lori la Faustin! Kichwa kikaanza kutunga mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sikumuuliza mtu kitu. Nikawaambia wapakiaji wajaze. Wajaze kabisa, kama zamani. Wamama wanne wakapanda juu ya mzigo, Mama Solange mmoja wao, nikawasha kabla Faustin hajafunga kamba zake.

Nilitaka nifike Walikale kwanza. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu.

Tulipita Kashebere vizuri. Mbele yake kuna kilima kimoja chenye mashimo, mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Nikaingia na gia ya pili. Katikati ya kilima nikasikia mlio, kama mti mkubwa unavyolia kabla ya kuanguka. Lori likakaa. Nyuma ikalala kushoto, kamba zikakatika, magunia yakateremka na wamama pamoja nayo.

Watatu waliangukia kwenye majani ya kando. Mama Solange mguu wake ulikuwa chini ya magunia.

Watu wa mashambani walikuja mbio na majembe mkononi. Tuliyatoa magunia moja moja. Hakupiga kelele. Alikuwa ananiangalia tu. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, hata asiye daktari angeona.

Faustin akafika.

Nilingoja anicheke. Niseme ukweli, nilitamani anicheke, nipate sababu ya kumchukia. Hakucheka. Alishuka, akatafuta mbao, akamfunga Mama Solange mguu kwa kitenge, akawaomba abiria wake watoke kabini, akamlaza kwenye kile kitanda cha nyuma ya dereva. Kile kitanda nilichokuwa nakionea wivu.

Akaniambia, "Kaka, baki na lori. Mimi nitamufikisha hospitali. Kesho nitarudilia mzigo ya bamama."

Wamama wakamshukuru, mmoja akamshika mikono. Na mimi, wakuu, mwenye kosa, nimesimama pale na matope mpaka magotini, mama wa watu anaumia kwa sababu yangu, bado moyo ulikuwa unasema: angalia, sasa wanamshukuru yeye.

Hapo ndipo nilijiogopa.

Lori nililiacha kwenye hicho kilima siku tano, limelala kama ng'ombe mgonjwa. Papa Kasereka alikuja, akalifunga kwa minyororo na magogo, tukalivuta pole pole mpaka gereji. Hakuniuliza kitu. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mngedhani nilijifunza. Hapana. Nilirudi nyumbani nimeshaamua: nauza shamba la Kingi, nanunua lori lingine.

Mke wangu alikuwa anapepeta maharage uani. Nikamwambia. Akaweka ungo chini.

"Unauza shamba, unanunua lori ya namna gani?"

Nikamweleza. Jeupe, kabini ndefu, kitanda nyuma.

"Ile njo ya Faustin."

"Inafanana tu."

"Haifanani, Papa Neema. Njo ile." Akanitazama. "Unataka lori, ao unataka kuwa Faustin?"

Nikakasirika. Nikatoa swali nililobeba tangu siku ya soko. "Na wewe, maharage yako ilikuwa inafanya nini mu lori yake?"

"Musimu ule mwingine maharage yangu ilifika Walikale imeshaota, sababu lori yako ililala njiani siku nane mu mvua. Nilikuambia. Ulinijibu ninachukia lori yako. Basi nikanyamaza, nikatafuta mwenye kufika."

"Ni maharage tu?"

"Ulifikiri ni nini?"

Nikaangalia ule ungo. Akaelewa. Kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu kicheko kikakatika na hasira ikaja. Siku mbili aliniwekea chakula bila neno. Ya tatu akasema kitu kimoja: "Ile shamba ndiyo inatulisha siku lori inalala. Ukiuza, omba isilale tena." Kisha akauliza, "Mama Solange anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba shasi ilikuwa imepasuka mbele ya safari. Papa Kasereka ameniambia."

Nikapanda pikipiki kwenda Walikale. Mama Solange alikuwa ametoka hospitali, anakaa kwa binti wa dada yake, mguu kwenye plasta. Alinikaribisha vizuri, akaagiza nipewe ndizi. Sikuweza kula.

"Mama, shasi ilikuwa na ufa. Nilijua."

Akaniuliza, "Ulijua asubuhi ile?"

"Wiki tatu."

"Na ukatupandisha."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini? Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yote yakakimbia. Nikasema, "Juu ya Faustin. Nilitaka nifike mbele yake."

Aliangalia mguu wake. Akasema, "Kama ungeniambia juu ya njaa, ningeelewa."

Mimi sijawahi kupigwa na neno kama lile.

Baadaye akasema amenisamehe, ila lori langu hatapanda tena maisha yake. Na hajapanda. Nilibeba gharama za mguu wake, na tangu arudi kwake nampelekea mihogo ya shamba letu, anapokea, ananisalimia. Lakini hapandi.

Shamba sikuuza. Nilirudi kwa Papa Kasereka, nikamwambia afanye ile kazi aliyosema mwanzo. Alilifungua lote, akakata, akaweka vyuma. Ilichukua zaidi ya mwezi, na katika mwezi huo nililima na mke wangu, kitu nilichokuwa nimesahau kufanya.

Leo lori linafanya kazi ya karibu. Linateremsha mavuno kutoka mashamba ya juu mpaka barabarani, mzigo kidogo, mwendo wa mzee. Na pale barabarani anayepokea kwenda Walikale ni Faustin. Nilimfuata mwenyewe kumwomba tupatane hivyo. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Wengine wataniuliza kama wivu umeisha. Haujaisha. Akiondoka na mzigo nilioushusha mimi, nabaki nimesimama pale na kitu kinanikwaruza hapa kifuani, mpaka lile lori jeupe lipinde kona. Halafu narudi juu kuchukua mzigo mwingine.

Nilichojifunza ni hiki. Fundi alinipa jibu siku ya kwanza, bure, kwa kidole chake. Kutengeneza au kununua lingine, yote mawili yangefaa. Mimi nilichagua la tatu, kujifanya sijaona, kwa sababu ya mtu ambaye hata hakujua kwamba tunashindana.

Mwenye lori lililochoka, ukienda kwa fundi nenda peke yako. Jirani yako mwache nyumbani, hata yule uliyembeba kichwani.

Nimemaliza, wakuu. Wenye kunisema waniseme tu, nastahili. Na wewe uliyewahi kuamua kati ya kutengeneza na kununua, ulijuaje kwamba ni wewe uliyeamua? Andika hapo chini, nitasoma zote.