Sahani Isiyorudi Tupu

Mwaka ule ndio tuliokula shelisheli. Tarehe yake siijui, na hata ningeijua isingekufaa, maana sisi watu wa Unguja miaka ya dhiki tunaihesabu kwa tumbo. Kulikuwa na mwaka wa muhogo mkavu, ukaja mwaka wa unga wa manjano ulionuka gunia, halafu ndio ukaingia wa shelisheli, lile tunda la mti linaloliwa kama muhogo. Asubuhi la kuchemsha, mchana la kuchoma, jioni lile lililobaki mchana. Mchele tulikuwa tukiusikia kwa wakubwa, kama unavyosikia habari za mtu aliyesafiri. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, sina meno ya mbele, na kwa bahati shelisheli halidai meno.

Mwenzangu, mwaka huo nilikuwa nshausahau. Ulinirudia mwaka jana, tena nikiwa Ujerumani.

Binti yangu anaishi huko, katika mji mdogo wa kale, na kazi yake ni uuguzi. Alinikatia tiketi nikakae miezi miwili na wajukuu zangu, wa kike ana miaka saba na wa kiume minne. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini nilipanda ndege peke yangu, nikashuka nikapanda nyingine peke yangu, na sanduku langu nikalikuta. Wapo waliosoma wakapoteza masanduku.

Siku ya kwanza nilipokwenda kuwachukua watoto shule, tukakatiza katikati ya mji wao wa zamani, na miguu yangu ikanishangaza. Ilikuwa kama inajua njia. Vichochoro vyembamba, watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ajibanze. Mawe ya chini yamelainika kwa nyayo za waliokwisha kufa. Nyumba zimeegemeana kama wazee wanaosengenya, na nyingine mbao zake ziko nje, zinaonesha mbavu. Milango imechongwa, na juu ya mlango umeandikwa mwaka, ili mpita njia ajue nyumba ina umri gani na aiheshimu. Nikasimama kwenye kona nikavuta pumzi. Ukiniondolea ile baridi, nilikuwa Mji Mkongwe.

"Bibi, umepotea?" akaniuliza yule mdogo.

"Nipotee nini? Nimefika kwetu."

"Kwenu kuna joto," dada yake akasema. "Mama kasema mnalala bila blanketi."

"Mama yako kasahau mengi. Twende."

Basi kila siku tukawa tunarudi kwa njia tofauti, nao wakijificha kwenye vipenu vya milango nami nikiwatafuta, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Nikawaambia kwamba kwetu mtoto alikuwa hapotei hata ukimfunga macho, kwa sababu kila kichochoro kilikuwa na harufu yake: hapa bizari inakaangwa, pale mbao zinarandwa, kule kwa muuza kahawa, na ukisikia harufu ya udi ujue kuna harusi au kuna mgeni wa heshima. Wakafumba macho wakanusa. Mji wao ulinuka mkate, majani yaliyoloa na sabuni. Si harufu mbaya.

Kilichonitia simanzi kilikuwa kingine. Wiki nzima nilitembea na wale watoto, wala sikusikia mtu akimwita mtu. Milango imefungwa. Hakuna aliyekaa nje. Jirani wa binti yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe, anaishi peke yake na maua yake dirishani. Nikamuuliza binti yangu, huyu anakunywa chai na sukari au bila? Hajui. Wamekaa pamoja miaka minne, na hajui.

"Wewe na mumeo mnashinda kazini," nikamwambia. "Siku ukianguka hapa jikoni, hawa watoto watakimbilia kwa nani?"

"Watapiga simu, Mama. Nshawafundisha namba."

"Simu itawakumbatia?"

Akawa anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Na mimi kuanzia hapo nikawa na kazi moja tu katika ule mji: kabla sijapanda ndege, wajukuu zangu wawe na mlango wa pili wa kubisha.

Nikatafuta kawa. Nilikuwa nimemletea binti yangu kawa zuri lililosukwa kwa ukindi, lile la pambo la wekundu na weusi, la kufunikia chakula. Mwanangu kalitundika ukutani sebuleni kama picha. Nikapanda kiti nikaliteremsha.

Sasa hapa ndipo mwaka wa shelisheli uliponirudia, kwa sababu ya lile kawa mkononi.

Nimelelewa na bibi yangu, mama yake baba, katika nyumba ya mawe yenye ngazi za giza na ua wenye kisima. Na bibi alikuwa na sheria moja isiyokuwa na likizo. Chakula kikishuka jikoni, sahani moja inapakuliwa kabla yetu, inafunikwa kawa, na mtoto anaitwa. "Naam," unaitikia, unajua ni zamu yako. Unapita kichochoroni taratibu, hukimbii, huchungulii. Ukifika unabisha hodi mara tatu na unasubiri. Na sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho au keshokutwa itarudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chembe za chumvi ya mawe. Sahani ikirudi tupu, maana yake mlango umefungwa, ujirani umekwisha.

Mwaka ule basi ikawa vituko. Sisi tunapeleka shelisheli, na tunaletewa shelisheli. Linatoka la kuchoma, linarudi la kuchemsha. Shangazi yangu, aliyekuwa mwepesi wa ulimi, alishindwa kuvumilia. Siku moja alimwambia bibi, naye bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi:

"Mama, kuna faida gani kumpelekea shelisheli mtu mwenye shelisheli? Si tuache mpaka mchele urudi? Mtaa mzima unakula kitu kimoja, tunawachosha watoto miguu bure."

Bibi hakuinua uso. Akakuna, akakuna, kisha akasema:

"Siachi. Sahani ikilala kabatini, ujirani hulala njaa."

Akaniita, nikaitikia naam, akanipa sahani.

Siku hiyo ilikuwa ya jirani wetu wa Kihindi, mjane aliyekaa ghorofa ya pili mwishoni mwa kichochoro. Yeye magoti yalikuwa yakimsumbua, hivyo akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, unatia sahani, anavuta. Chini ya kawa kulikuwa na vipande sita vya shelisheli, idadi ya bibi ya kila siku, vilivyokaangwa kwa mafuta ya nazi, vya moto, na mimi nilikuwa na njaa ambayo sikufundishwa namna ya kuisema. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya tatu, nikafunua, nikala viwili. Vinne nikavipanga duara vionekane vingi. Kisha nikaenda nikasimama chini ya dirisha, midomo inang'aa mafuta, nikaita hodi.

Kikapu kikapanda. Muda mrefu nikawa natazama juu. Kikarudi kushuka na sahani, na juu ya sahani asmini, kiganja kizima, zilizochumwa katika mtungi wake wa maua. Hakuwa na kingine cha kutia. Akatoa kichwa dirishani akanitazama mdomo.

"Mwambie bibi yako vimefika vyote," akasema. "Vyote sita. Na wewe futa mdomo kabla hujafika."

Nilifuta kwa upindo wa kanga hadi ukaniwasha. Bibi alizipokea zile asmini, akazitunga, akazitia nywele zake za mvi, na usiku akala shelisheli lake baridi huku akisema leo anakula na pua. Mimi vile viwili sikuvitaja. Mpaka leo, nikisikia harufu ya asmini, naisikia na aibu, na naisikia na kufichiwa aibu. Yule mama hakuwa ndugu yangu, hakuwa wa dini yangu, na alinisitiri mbele ya bibi yangu mwenyewe. Huo ndio mlango wa pili ninaousema.

Turudi Ujerumani. Nikakanda mandazi ya iliki, iliki yangu nimekwenda nayo, nikayapanga, nikafunika kawa, nikawatuma wajukuu. Nikawafunza: msikimbie, msichungulie, bisheni na msubiri. Yule mama alifungua, akastaajabu, akapokea. Kesho yake asubuhi nikakuta sahani yangu mlangoni, chini, imeoshwa inang'aa, na kawa limewekwa kando kwa adabu. Tupu.

Mwenzangu, nilikaa kitini. Kwetu hata mtu mliyegombana naye hakufanyii hivyo.

"Mama, huku ndiyo heshima yenyewe," binti yangu akanieleza. "Kaiosha vizuri akairudisha mapema. Kwao kuchelewa na chombo cha mtu ndiyo ubaya."

"Na kuniwekea chini kama chakula cha paka?"

"Hakutaka kukusumbua."

"Nimekuja kutoka Unguja nisumbuliwe."

Nikapeleka tena, kaimati safari hii. Sahani ikarudi vilevile, tupu, safi, na kikaratasi cha asante. Binti yangu akanisomea kile kikaratasi, kisha akanishika bega. Alikuwa ametoka kazini, macho mekundu kwa uchovu. Akasema, "Acha sasa, Mama. Kashukuru, yamekwisha. Huku si kwetu, na mimi ndiye nitakayebaki kumtazama usoni ukishaondoka."

Nilimwonea huruma. Lakini mdomo wangu ulikwisha funguka, na aliyesema hakuwa mimi, alikuwa yule mwanamke juu ya mbuzi. "Siachi. Sahani ikilala kabatini, ujirani hulala njaa."

Mjukuu wangu wa kike alikuwa mezani anachora. Sikujua kama anasikiliza.

Siku tatu kabla ya safari nikapika mkate wa kumimina. Mchele nilirowesha mwenyewe, nikausaga na tui kwa mashine yao ya kusagia matunda, na sehemu ya juu ikatoka na rangi ile ya kahawia ninayoijua. Wajukuu wakaupeleka. Walikaa sana. Nikachungulia dirishani nikamwona yule wa kike kasimama mlangoni kwa jirani, anaongea kwa Kijerumani na mikono yote miwili, na yule mama ameinama anamsikiliza, mkono kifuani.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Nimemwambia sahani ya Bibi ikirudi tupu inalia."

Binti yangu akafunika uso kwa kiganja. "Yallah, mtoto huyu."

Jioni ile kengele ya mlango ikalia. Jirani alikuwa amesimama mwenyewe, amevaa sweta safi, ameshika sahani yangu kwa mikono miwili. Ndani yake mna kokwa za mti ulioko uani kwake, ngumu kama mawe, na katikati ua moja jekundu la dirishani. Akaingia. Akakaa. Kokwa tulizipasua kwenye bawaba ya mlango, tukila na kucheka, binti yangu akitafsiri na wakati mwingine akisahau kutafsiri. Chai anakunywa bila sukari. Akamwonesha yule mdogo namna ya kugonga ukuta wake mara mbili akimtaka.

Nikarudi nyumbani na furaha yangu, na nyumbani ndiko nilikotiwa kidonda. Lile dirisha la kikapu sasa ni la hoteli. Kisima cha ua wa nyumba ya pili kimewekewa viti vya wageni. Watoto tuliokuwa tukijificha nao wamehamia ng'ambo ya pili ya mji, wengine mabara mengine, na kuna siku kichochoro kizima mwenye jiko la kweli ni mimi. Nilipopika mandazi nikapeleka sahani pale hotelini, kwa msichana wa mapokezi, mtoto mwenye adabu kutoka bara. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akafunua kawa, akasema, "Bibi, unauza moja kiasi gani?"

Mtaani kwangu. Nilikozaliwa.

"Siuzi, mwanangu. Kula. Na sahani yangu usiirudishe tupu."

Akaduwaa. Wiki ikapita, nikadhani sahani imepotea. Ijumaa akabisha hodi, sahani ina ndizi mbili na uso wake una haya, akasema kwao kijijini nako walikuwa wakifanya hivyo, alisahau tu. Sasa anakuja akitoka kazini, anakaa barazani kwangu kabla hajaenda kwake. Asmini nimepanda mwenyewe, kwenye kopo la rangi. Bado haijatoa ua, lakini imeshika.

Juzi binti yangu akanipigia simu ya picha. Anacheka na anataka kulia. Huko kwao mvua inanyesha ya baridi, yeye katoka kazini hoi, kamkuta mjukuu wangu wa kike mlangoni kavaa viatu vya mvua, kabeba sahani ya vibibi, vile vichapati vya mchele na tui, alivyopika na baba yake, kafunika kawa. Akamwambia, leo basi, mwanangu, acha, jirani hatakufa kwa kukosa vibibi.

"Nimpe akwambie mwenyewe alivyonijibu," binti yangu akasema, akageuza simu.

Kiswahili cha yule mtoto kimevunjika vunjika, ngeli zinamgombanisha. Lakini hayo aliyasema yamenyooka, bila kuinua uso, anaweka kawa lake sawa:

"Siachi. Sahani ikilala kabatini, ujirani hulala njaa."